Dhana Potofu Kuhusu Mwisho wa Ulimwengu na Mizunguko Yake

Anayefundisha fizikia Nakuru hakosi kuulizwa kuhusu mwisho wa ulimwengu. Wanafunzi huuliza baada ya kipindi, wazazi huuliza siku ya mkutano wa shule, na hata abiria wa matatu ya kwenda Kisumu, akishajua kwamba jirani yake ni mwalimu wa somo hilo, huleta swali lile lile: Mwalimu, ni kweli kwamba vyote hivi vitakunjwa na kuanza upya? Swali hilo ni zuri na linastahili heshima. Tatizo ni kwamba majibu yanayosambaa kwenye simu zetu yamechanganya mambo yaliyopimwa, mambo ambayo wataalamu wanayakisia kwa hesabu nzito, na mambo yasiyo na msingi wowote, kisha msomaji akapewa yote kwa sauti moja ya uhakika. Hapa nimeyachukua yale ninayokutana nayo mara nyingi zaidi na kuyaweka kando ya yale yanayojulikana hadi sasa.

"Jua likizimika, ulimwengu umekwisha"

Jua lina umri wa takriban miaka bilioni 4.6, na kiini chake kina hidrojeni ya kuliwezesha kung'aa kwa takriban miaka bilioni 5 mingine kabla ya kuvimba na kuwa nyota jitu jekundu. Kwa Dunia hatari itafika mapema zaidi, kwa sababu mwangaza wa Jua huongezeka polepole. Baada ya takriban miaka bilioni 1 joto litakuwa limezidi kiasi cha kukausha bahari. Hayo yote, hata hivyo, ni mambo ya nyota moja na sayari zake. Galaksi yetu peke yake ina nyota zisizopungua bilioni 100, na zile ndogo nyekundu, ambazo ndizo nyingi zaidi, hutumia hidrojeni yake kwa ubahili mkubwa hivi kwamba zitaendelea kung'aa kwa matrilioni ya miaka. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8 tu. Hakuna hata nyota moja ya aina hiyo iliyokwisha kufa kwa uzee, kwani muda wa kufanya hivyo haujatosha tangu mwanzo wa vyote.

"Ulimwengu unapanuka, kwa hiyo kila kitu kinavutika"

Upanuzi wenyewe ni jambo lililothibitishwa. Mwaka 1922 Alexander Friedmann, mwanahisabati wa Urusi, alionyesha kwamba milinganyo ya Albert Einstein inaruhusu ulimwengu unaobadilika ukubwa. Mwaka 1927 Georges Lemaître, kasisi Mkatoliki na mwanafizikia wa Ubelgiji, aliziunganisha hesabu za namna hiyo na vipimo vya galaksi, na mwaka 1929 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson kule California, alichapisha uhusiano uliopo baina ya umbali wa galaksi na kasi yake ya kutuacha. Kasi hiyo ni takriban kilomita 70 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, mwaka mmoja wa nuru ukiwa ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka.

Hitilafu mbili hufuata hapo. Ya kwanza ni kudhani kwamba palikuwa na mahali fulani katikati ambapo kitu kililipuka, na kwamba vipande vyake vingali vinatawanyika katika uwazi uliokuwapo tayari. Nadharia haisemi hivyo. Nafasi yenyewe ndiyo inayoongezeka baina ya galaksi, kila mahali kwa wakati mmoja, na mtu aliye katika galaksi yoyote ile angeziona nyingine za mbali zikimwacha kama tunavyoziona sisi.

Ya pili ni kudhani kwamba upanuzi huo unavuta hata miili yetu, nyumba na barabara. Tuchukue Nakuru na Kisumu, miji ambayo iko umbali wa takriban kilomita 180 kwa barabara. Lau tungeutumia mwendo ule wa upanuzi bila kujali jambo jingine lolote, umbali huo ungeongezeka kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita kila mwaka. Hauongezeki hata kwa kiasi hicho, kwa sababu miamba imeshikamana kwa nguvu za atomi, Dunia imeshikwa na mvutano wake, na galaksi nzima imeshikwa na mvutano wa maada iliyomo. Upanuzi hujitokeza tu pale ambapo mvutano ni dhaifu, yaani baina ya makundi ya galaksi. Kinachopanuka kweli katika eneo letu ni Bonde la Ufa, kwa milimita chache kila mwaka, na hilo ni zao la nguvu zilizo chini ya ardhi. Nimesikia mambo hayo mawili yakielezwa kama kitu kimoja, na inafaa yatenganishwe kabisa.

Uthibitisho kwamba mvutano hushinda upanuzi pale galaksi zinapokaribiana uko juu ya vichwa vyetu. Sisi tunaoishi karibu na ikweta, ambayo hupita pale Maseno, tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana: mwezi wa Desemba, yapata saa nne usiku, mahali palipo mbali na taa za mji, tunaweza kuiona galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini-magharibi na Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani, upande wa kusini, zote kwa wakati mmoja na kwa macho matupu. Andromeda iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5, na badala ya kutuacha inatujia kwa takriban kilomita 110 kwa sekunde. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba lazima itaungana na galaksi yetu. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2025, ambazo zilizingatia pia uzito wa galaksi jirani, zimepunguza uhakika huo hadi takriban nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo.

"Kilichorushwa juu lazima kirudi"

Dhana hii ilikuwa na heshima yake, na wanafizikia wengi wa karne ya 20 waliichukulia kwa uzito. Hoja ilikuwa kwamba mvutano wa maada yote hupunguza kasi ya upanuzi, na kwamba ikiwa msongamano wa maada unapita kizingiti fulani, upanuzi utasimama, kisha galaksi zitaanza kurudiana hadi vyote vibanane tena. Kizingiti hicho ni kidogo ajabu: ni sawa na takriban atomi 5 za hidrojeni katika kila mita moja ya ujazo. Kwa miongo mingi, kwa hiyo, swali la mwisho wa ulimwengu lilikuwa swali la kupima uzito.

Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia, moja likiongozwa na Saul Perlmutter na jingine likiwa na Brian Schmidt na Adam Riess miongoni mwa viongozi wake, yalitoa matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Walikuwa wakipima supanova za aina ya Ia, yaani milipuko ya nyota kibete nyeupe ambayo mwangaza wake halisi unafahamika vyema, hivi kwamba ufifi wake machoni petu hutuambia umbali wake. Walikusudia kujua ni kwa kiasi gani upanuzi unapungua kasi. Walichokuta ni kwamba supanova za mbali zilikuwa hafifu kuliko ilivyopaswa, maana yake upanuzi unaongezeka kasi, na umekuwa ukifanya hivyo kwa miaka bilioni 5 hadi 6 iliyopita. Perlmutter, Schmidt na Riess walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kisababishi cha jambo hilo kimeitwa nishati ya giza, na vipimo vya leo vinaonyesha kwamba ni takriban asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, huku maada ya giza, ambayo haitoi nuru na hujulikana kwa mvutano wake tu, ikiwa asilimia 27 na atomi za kawaida, zikiwemo zile za nyota zote na za miili yetu, asilimia 5 tu.

Ugunduzi huo uliibatilisha pia kanuni ambayo ingali inarudiwa katika maandishi mengi, kwamba umbo la nafasi ndilo linaloamua mwisho wake. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi kwa ulimwengu wenye maada peke yake. Mnururisho wa mikrowevu unaojaza anga yote, yaani mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliugundua mwaka 1964 na ambao joto lake ni takriban nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi, umepimwa kwa makini na kuonyesha kwamba nafasi ni bapa, yaani haijapinda, kwa tofauti isiyofika asilimia 1. Lakini ubapa huo hautuambii tena kitakachotokea, kwa sababu neno la mwisho liko kwa nishati ya giza.

Ikiwa nishati hiyo itabaki kama ilivyo, mwelekeo ni huu: baada ya miaka bilioni mia moja na zaidi, galaksi zote zilizo nje ya kundi letu zitakuwa zimevuka upeo wa kuonekana, baada ya takriban miaka trilioni 100, uzaliwaji wa nyota utakuwa umekoma, yatabaki mabaki ya nyota na mashimo meusi (yenye mvutano mkubwa hata nuru haitoki), kisha mashimo hayo nayo yatayeyuka, na mwishowe kutakuwa na baridi na utawanyiko usio na tofauti ya joto ambayo kazi yoyote ingeweza kufanywa kwayo. Wazo la mwisho wa namna hiyo ni la zamani kuliko galaksi zenyewe kujulikana; Lord Kelvin aliliandikia misingi yake mwaka 1852.

Kuna pia habari inayosambazwa sana kwamba ulimwengu utararuka, kuanzia galaksi hadi atomi, baada ya miaka bilioni 22. Tarakimu hiyo ni ya kweli kwa maana kwamba imo katika makala ya Robert Caldwell na wenzake ya mwaka 2003, lakini wao waliitoa kama mfano wa hesabu, kwa kuchagua thamani fulani ambapo nishati ya giza huongezeka kadiri wakati unavyopita. Anayeitaja kama tarehe iliyopangwa anawasingizia.

"Mvua hurudi, ziwa hujaa na kupwa, basi ulimwengu nao huzunguka"

Hii ndiyo dhana ninayoiheshimu zaidi, kwa kuwa imetokana na uangalifu wa watu wanaoishi karibu na maji. Wavuvi wa Dunga wameyaona maji ya Ziwa Victoria yakipanda na kushuka. Wazee wanakumbuka jinsi ziwa lilivyopanda kwa zaidi ya mita 2 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vijana waliliona likifikia kimo kikubwa sana mwaka 2020. Ziwa Nakuru nalo, baada ya vipindi vya kukaribia kukauka, limevimba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hadi likalimeza lango kuu la zamani la mbuga. Na tukirudi nyuma zaidi, matope yaliyochimbwa chini ya Ziwa Victoria yanaonyesha kwamba lilikauka kabisa na kujaa tena, miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Mtu aliyekulia katika mazingira kama haya ana sababu ya kusema kwamba kila kinachoondoka hurudi.

Lakini mzunguko wa maji haujiendeshi. Maji hupanda kutoka ziwani kwa sababu Jua linayapasha joto, hugeuka mawingu, huinyeshea milima ya Nandi, na kuteremka kwa mto Nyando kurudi yalikotoka. Kila hatua ya safari hiyo imelipiwa na Jua, na malipo hayo hayarudi: kila sekunde Jua hupoteza takriban tani milioni 4 za maada yake, ambayo hugeuka nuru na kutawanyika angani moja kwa moja. Kinachoonekana kwetu kama duara, tukikitazama pamoja na chanzo chake, ni mstari unaoelekea upande mmoja. Hali ni hiyo kwa mizunguko yote tunayoifahamu, iwe ni mapigo ya moyo, majira ya mahindi ya Trans Nzoia au injini ya matatu. Pana kitu kinachotumika bila kurejeshwa, na wanafizikia hukipima kwa kiasi kinachoitwa entropia, ambacho sheria ya pili ya thamodainamiki inasema kwamba, kwa mfumo uliofungika, hakipungui.

Ulimwengu hauna Jua lililo nje yake la kuulipia mizunguko. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu, na ni ajabu kwamba halitajwi kabisa katika video nyingi zinazosambaa. Richard Tolman, mwanafizikia wa Marekani, aliliona mapema katika miaka ya 1930, wakati ambapo Einstein mwenyewe alikuwa ameufikiria ulimwengu unaopanuka na kujikunja, na Lemaître akiutaja kwa mvuto wake wa kishairi. Tolman alionyesha kwamba entropia ya kila mzunguko huingia katika mzunguko unaofuata, na matokeo yake ni kwamba kila mzunguko unakuwa mkubwa na mrefu kuliko uliotangulia. Hapo ndipo penye pigo: ikiwa kila unaofuata ni mrefu zaidi, basi kila uliotangulia ni mfupi zaidi, na tukiendelea kurudi nyuma tunaifikia mizunguko mifupi mno, hadi kwenye mwanzo. Aliyekimbilia mizunguko ili aepuke swali la mwanzo analikuta swali lile lile likimngojea.

Kwa hiyo, nadharia yoyote ya mizunguko inayotaka kusikilizwa leo inalazimika kueleza entropia inakwenda wapi. Zipo zinazojaribu kwa dhati, na sharti zitazamwe moja moja.

"Nadharia ya mizunguko ni moja, na inasema tutazaliwa tena"

Mwaka 2001 Justin Khoury, Burt Ovrut, Paul Steinhardt na Neil Turok walipendekeza kwamba kile tunachokiita mwanzo kilikuwa mgongano wa tando mbili zilizomo katika nafasi yenye vipimo vya ziada juu ya urefu, upana na kimo, na mwaka uliofuata Steinhardt na Turok walilipanua wazo hilo kuwa ulimwengu wa mizunguko, kila mmoja ukidumu kwa takriban miaka trilioni moja au zaidi. Jibu lao kwa Tolman ni la kuvutia: upanuzi mrefu unaosukumwa na nishati ya giza hutawanya entropia mbali sana, hivi kwamba sehemu yoyote ndogo ya nafasi, ambayo ndiyo itakayokuwa ulimwengu unaoonekana katika mzunguko ujao, huanza ikiwa karibu tupu. Entropia haikupungua, imesambazwa mbali na macho. Baadaye Steinhardt pamoja na Anna Ijjas walitoa toleo jingine lisilohitaji tando, ambamo ulimwengu hujikunja polepole na kugeuka kabla ya kufikia nukta yenye msongamano usio na kikomo.

Roger Penrose wa Uingereza anapendekeza jambo tofauti kabisa, na wengi hushangaa wakiambiwa kwamba katika nadharia yake hakuna kujikunja hata kidogo. Ulimwengu unapanuka bila kukoma hadi yabaki mawimbi ya nuru na chembe nyingine zisizo na tungamo, yaani kiasi cha maada. Chembe kama hizo hazina saa ya ndani, na bila saa wala rula, anasema, ukubwa hupoteza maana yake. Ulimwengu mkubwa na baridi unaweza kuhesabiwa kuwa sawa na ulimwengu mdogo na wa moto, na mwisho wa enzi moja ukawa mwanzo wa nyingine. Kuna sharti gumu katika hoja hiyo, kwamba hata elektroni zipoteze tungamo lake hatimaye, na hakuna jaribio lililowahi kuonyesha jambo hilo. Mwaka 2010 Penrose na Vahe Gurzadyan walidai kwamba wameona duara katika mnururisho wa mikrowevu zilizoachwa na enzi iliyopita. Makundi mengine yaliyochunguza data ile ile yalikuta kwamba duara kama hizo hujitokeza hata katika anga za kuigizwa na kompyuta kwa kufuata nadharia ya kawaida. Inasemwa pia kwamba Penrose alipewa Nobel ya mwaka 2020 kwa ajili ya nadharia ya mizunguko. La, alipewa kwa kazi yake kuhusu kufanyika kwa mashimo meusi.

Kuhusu kuzaliwa tena, hakuna hata moja kati ya nadharia hizi inayosema kwamba historia hujirudia. Mbegu za galaksi hutokana na mitikisiko ya kikwanta ambayo haitabiriki, kwa hiyo kila enzi ingekuwa na galaksi zake, nyota zake na sayari zake. Mwenye huzuni ya kufiwa asiambiwe kwamba fizikia imemwahidi kukutana tena na mpendwa wake katika mzunguko ujao. Fizikia haijatoa ahadi hiyo.

"Mashimo meusi yatameza kila kitu"

Shimo jeusi halivuti kwa namna ya pekee mpaka mtu alikaribie sana. Lau Jua lingebadilishwa ghafla kwa shimo jeusi lenye tungamo lile lile, Dunia ingeganda kwa baridi, lakini ingeendelea kuzunguka katika njia yake ya kila mwaka. Lile lililo katikati ya galaksi yetu lina tungamo la Jua mara milioni 4, nasi tuko salama kwa umbali wa takriban miaka ya nuru 26,000. Wakenya wana haki ya kujua kwamba setilaiti iliyosaidia kulitambua shimo jeusi la Cygnus X-1 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru. Na mashimo yenyewe hayadumu milele: Stephen Hawking alionyesha mwaka 1974 kwamba huvuja nishati kidogo kidogo. Lenye tungamo la Jua lingechukua takriban miaka ambayo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 67, na yale makubwa kabisa yapata sifuri 100.

"Mtambo wa Geneva unaweza kuuangamiza ulimwengu"

Msingi wa hofu hii ni wazo halisi la Sidney Coleman la mwaka 1977, kwamba hali ya sasa ya nafasi tupu huenda si ya chini kabisa, na kwamba inaweza siku moja kuanguka. Vipimo vya chembe ya Higgs, iliyogunduliwa mwaka 2012, vinaacha uwezekano huo wazi, lakini muda unaokadiriwa ni mrefu kupita kiasi ukilinganishwa na umri wa ulimwengu. Watu huhofu kwamba mtambo wa kugonganisha chembe ulioko karibu na Geneva ungeweza kulianzisha anguko hilo. Lakini miale kutoka angani hugonga hewa iliyo juu yetu kwa nishati kubwa kuliko ya migongano ya Geneva, na imefanya hivyo kwa mabilioni ya miaka.

"Sayansi imethibitisha maandiko", au "imeyakanusha"

Magharibi mwa Kenya ni eneo la watu wa imani, na mazungumzo haya hufika kanisani upesi. Nawaomba wahubiri na wapinzani wao wamtazame Lemaître. Mwaka 1951 Papa Pius XII alizungumza kana kwamba nadharia ya mwanzo wa ulimwengu inaunga mkono fundisho la uumbaji, na Lemaître, kasisi aliyeiasisi nadharia hiyo, hakupendezwa. Aliona kwamba nadharia ya kisayansi, ambayo huweza kurekebishwa kesho, haifai kuwa nguzo ya imani wala silaha dhidi yake. Tahadhari hiyo hiyo inahusu mila ya Kihindu, ambayo majirani zetu wengi wa Kisumu na Nakuru wanaifuata, inayohesabu siku moja ya Brahma kuwa miaka bilioni 4.32. Ni fikra kuu kwa ukubwa wake, lakini kukaribiana kwake na umri wa Dunia, takriban miaka bilioni 4.5, si kipimo cha mizunguko ya ulimwengu.

"Haya hayawezi kupimwa, kila mtu aamini apendavyo"

Yanapimika, na yanapimwa sasa hivi. Nadharia za mizunguko za akina Steinhardt zinatabiri kwamba mawimbi ya mvutano ya mwanzo yawe dhaifu mno yasionekane katika mnururisho wa mikrowevu, ilhali matoleo kadhaa ya nadharia inayoshindana nazo, ile ya upanuzi wa ghafla wa mwanzo, yanatabiri yaonekane. Mwaka 2014 kundi la BICEP2, lililopima kutoka Ncha ya Kusini, lilitangaza kwamba limeyaona. Uchunguzi wa pamoja na setilaiti ya Planck ukaonyesha kwamba ishara hiyo ingeweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu. Utafutaji unaendelea kwa vifaa vyenye usikivu zaidi, na yakionekana, nadharia hizo za mizunguko zitakuwa zimekanushwa.

Kipimo cha pili ni cha nishati ya giza. Mradi wa DESI, unaotumia darubini ya mita 4 kule Kitt Peak, Arizona, una nyuzi 5,000 zinazonasa nuru ya galaksi nyingi kwa wakati mmoja. Matokeo yake ya Machi 2025, yaliyotokana na galaksi na kwasa (viini vya galaksi vinavyong'aa mno) zipatazo milioni 15, yakiunganishwa na vipimo vya supanova na vya mnururisho wa mikrowevu, yanadokeza kwamba nishati ya giza imekuwa ikidhoofika. Nguvu ya dokezo hilo ni kati ya sigma 2.8 na 4.2 (kadiri sigma zinavyokuwa nyingi, ndivyo inavyokuwa vigumu matokeo kuwa ya bahati tu), kutegemea data iliyotumika, ilhali wanafizikia hudai sigma 5 kabla ya kuliita jambo ugunduzi. Setilaiti ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, na darubini ya Vera C. Rubin ya Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, zitalichunguza suala hilo kwa njia nyingine.

Vichwa vya habari vimeyapokea matokeo ya DESI kana kwamba kujikunja kwa ulimwengu kumerudi, na hapo pana kosa la hesabu. Nishati ya giza ikibaki vile vile, upanuzi utaendelea kuongezeka kasi. Ikidhoofika hadi kuisha, upanuzi utapungua kasi, lakini katika nafasi iliyo bapa hautakoma kamwe. Ili ulimwengu ugeuke na kuanza kurudi, haitoshi nishati hiyo ipungue. Ni lazima ivuke sifuri na kuwa hasi, na hakuna kipimo cha DESI wala cha mradi mwingine kilichoonyesha hivyo hadi sasa.